Tovuti ya chanzo huria inapoharibika au kuvamiwa: jinsi ya kusoma dalili na kufikia kisababishi

Anayesimamia tovuti iliyojengwa kwa WordPress, Joomla au Drupal, yaani programu huria za kujengea tovuti, hukutana na matatizo ya aina mbili ambayo mara nyingi hufanana kwa sura: tovuti iliyoharibika yenyewe na tovuti iliyoharibiwa na mtu. Ukurasa mweupe unaweza kuwa umeletwa na sasisho lililokatika katikati, na unaweza pia kuwa umeletwa na mvamizi aliyepachika msimbo wake vibaya. Kazi ya kwanza, basi, ni kuyatenganisha hayo mawili, na hapo ndipo uwazi wa programu hizi unapomfaa msimamizi kuliko mahali pengine popote. Kwa kuwa kila faili la msingi la WordPress limewekwa hadharani, lile lililomo ndani ya seva yako linaweza kulinganishwa na asili yake herufi kwa herufi. Mtumiaji wa jukwaa lililofungwa hana asili ya kulinganishia. Hana budi kusubiri majibu ya kampuni.

Mifano mingi hapa chini ni ya WordPress, lakini mantiki yake ni ileile kwa Joomla na Drupal, isipokuwa majina ya mafaili na folda.

Kabla ya kufuta chochote

Chukua nakala ya tovuti nzima katika hali yake ya sasa, mafaili pamoja na hifadhidata, hata kama unaamini kwamba imeshachafuliwa. Wengi hufanya kinyume: wakiona faili lenye jina la ajabu hulifuta papo hapo, na pamoja nalo hufuta tarehe ya kubadilishwa kwake, ambayo ingewaonyesha mahali pa kutazama katika logi za seva, yaani kumbukumbu za maombi yanayoifikia. Logi nazo hazidumu. Kampuni nyingi zinazopangisha seva huzitupa baada ya muda mfupi, kwa hiyo zipakue siku hiyohiyo. Kisha andika kando mambo matatu: dalili ilionekana lini kwa mara ya kwanza, ni nini kilichobadilishwa siku chache kabla yake, na ni akina nani wenye nywila za usimamizi.

Baada ya hapo fanya ulinganisho. Kwenye seva yenye WP-CLI, zana ya kuisimamia WordPress kwa amri za maandishi, amri `wp core verify-checksums` hukagua mafaili ya msingi ya toleo ulilo nalo dhidi ya alama za uhakiki zilizotolewa na mradi wenyewe, na `wp plugin verify-checksums --all` hufanya hivyo kwa programu-jalizi, yaani plagini, zilizotoka katika orodha rasmi ya WordPress.org. Amri ya kwanza ikisema kwamba faili fulani ndani ya `wp-includes` limebadilika, au kwamba limo faili lisilopaswa kuwamo, usiendelee kutafuta hitilafu ya kawaida. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu zinazohusu uvamizi. Zote mbili zikipita salama, hilo ni jambo jema lakini halitoshi, kwa sababu amri hizo hazigusi folda ya `uploads`, hazigusi themu (mafaili ya mwonekano wa tovuti), hazigusi plagini za kulipia wala hifadhidata. Wavamizi wanaijua mipaka hiyo vizuri kuliko wasimamizi wengi.

Ukurasa mweupe, au hitilafu namba 500

Dalili hii inatisha lakini mara nyingi haina mvamizi nyuma yake. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress ikikumbana na hitilafu inayoizuia kuendelea humtumia msimamizi barua pepe yenye jina la plagini au themu iliyoileta pamoja na kiungo cha kuingilia ili aizime. Tatizo ni kwamba barua hiyo hutumwa kwa anwani iliyoandikwa kwenye mipangilio ya tovuti, ambayo katika tovuti nyingi bado ni ya fundi aliyeijenga na kuondoka zamani. Angalia anwani hiyo leo, kabla ya kuihitaji.

Usipopata barua, washa uandishi wa hitilafu ndani ya `wp-config.php` kwa kuweka `WP_DEBUG` na `WP_DEBUG_LOG` kuwa kweli na `WP_DEBUG_DISPLAY` kuwa si kweli, fungua tena ukurasa, kisha soma faili `wp-content/debug.log`. Mstari wa mwisho kwa kawaida hutaja njia kamili ya faili lililoanguka, na jina la plagini limo ndani ya njia hiyo. Badilisha jina la folda ya plagini hiyo nayo itazimika. Ukimaliza, zima uandishi huo na ulifute faili la logi, kwa sababu mahali lilipo linaweza kusomwa na yeyote anayejua anwani yake, na ndani yake mna taarifa za seva ambazo hungependa mtu asiyekuhusu azione.

Kisababishi kilichoenea sana ni kupandishwa kwa toleo la PHP, lugha ambayo WordPress na plagini zake zimeandikwa, bila plagini kufuata. PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, iliondoa baadhi ya maagizo ya zamani kama `create_function` na `each`, na plagini iliyoandikwa kwa maagizo hayo huanguka mara tu inapoguswa. Jibu la haraka ambalo watu hulichagua ni kurudisha PHP ya zamani, na kwa siku mbili tatu za kutafuta plagini mbadala sioni ubaya wake. Kuiacha hivyo ni jambo lingine: PHP 7.4 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, na plagini inayokulazimisha kubaki nayo huenda haina mwandishi anayeitazama tena.

Tovuti imeganda kwenye ujumbe wa matengenezo

Sasisho limekatika katikati. Futa faili `.maintenance` lililo kwenye folda kuu, kisha rudia sasisho lenyewe, kwani kuondoka kwa ujumbe hakumaanishi kwamba mafaili mapya yote yalifika.

Wageni wanalalamika kwamba wanapelekwa tovuti nyingine, nawe huoni kitu

Waamini wageni. Msimbo wa aina hii huandikwa makusudi ili umkwepe msimamizi: huangalia kwanza kama mtu ameingia kwa akaunti, kama anatumia simu, kama ametokea kwenye injini ya utafutaji, na kama amewahi kuletwa hapo kabla, asiyetimiza masharti huonyeshwa ukurasa wa kawaida. Plagini iitwayo Display Widgets, iliyokuwa ikitumika kwenye tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa kwa mmiliki mpya mwaka 2017, naye akaingiza ndani ya masasisho msimbo uliochapisha makala za barua taka ambazo mtu aliyeingia kwa akaunti hakuweza kuziona. Waliosasisha kwa bidii walikuwa wa kwanza kuupata. Iliondolewa kwenye orodha rasmi zaidi ya mara moja kabla ya kufungwa kabisa, na waligundua watu waliokaa wakausoma msimbo wake, jambo lililowezekana kwa sababu ulikuwa wazi.

Kwa hiyo jaribu kama mgeni anavyofika. Toka kwenye akaunti, chukua simu isiyotumia mtandao wa ofisini, tafuta jina la tovuti kwenye Google na ubofye tokeo lenyewe, usiandike anwani kwa mkono. Ikiwa unapelekwa kwingine, ulinganishe wakati uelekezaji unapotokea. Ukitokea kabla ya herufi yoyote ya ukurasa kuonekana, kisababishi kiko kwenye seva: tazama `.htaccess`, faili la maagizo ya seva, katika folda zote, si ile kuu peke yake, halafu `index.php` na `wp-config.php`, halafu faili dogo liitwalo `.user.ini`, ambalo agizo lake la `auto_prepend_file` linaweza kuifanya PHP iendeshe faili la mvamizi kabla ya kila ukurasa bila kugusa faili lolote la WordPress. Ukurasa ukionekana kwa nusu sekunde kisha ukahama, tafuta JavaScript, msimbo unaoendeshwa na kivinjari cha mgeni, iliyopachikwa kwenye `header.php` au `functions.php` ya themu, kwenye wijeti, au ndani ya makala zenyewe katika hifadhidata. Na tovuti nzima ikihama hata kwako, angalia kwanza thamani za `siteurl` na `home` katika jedwali la `wp_options`, kwa kuwa kubadilisha maneno hayo mawili peke yake kunatosha.

Injini ya utafutaji inaonyesha kurasa usizoziandika

Andika `site:` ikifuatwa na kikoa chako kwenye Google. Ukiona vichwa vya habari vya dawa, kamari au bidhaa kwa lugha ambayo tovuti yako haijawahi kuitumia, ilhali ukurasa ukifunguliwa na wewe unaonekana safi au haupo, unatazama ndugu wa tatizo lililotangulia: hapa anayeonyeshwa uongo ni roboti wa utafutaji. Chombo cha Google Search Console kitakuonyesha ukurasa kama roboti wake alivyouona. Kikague pia upande wa wamiliki waliothibitishwa, kwa sababu mvamizi aliyeweza kuweka faili kwenye seva yako anaweza kujithibitisha kuwa mmiliki wa tovuti na kuwasilisha ramani yake mwenyewe ya kurasa. Kumwondoa humo bila kufuta faili lake la uthibitisho hakusaidii, atathibitishwa tena.

Kuna msimamizi usiyemjua

Kuna njia mbili kuu ambazo huleta hali hii, na logi ndizo zinazozitenganisha. Ikiwa muda mfupi kabla ya akaunti kuundwa logi inaonyesha mtu akiingia kawaida kupitia `wp-login.php` na kufaulu bila kujaribu mara nyingi, nywila halali iliibwa, pengine kutoka kwenye huduma nyingine kabisa ambako ilitumika hiyohiyo. Ikiwa hakuna aliyeingia, lakini kuna ombi lililotumwa kwenye faili la plagini fulani, plagini hiyo ina dosari.

Mfano wa Septemba 2020 unafaa kutazamwa kwa karibu. Plagini ya File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilibeba ndani yake maktaba ya kushughulikia mafaili iliyoandikwa na watu wengine. Maktaba hiyo ilikuja na faili la mfano ambalo mwisho wa jina lake, `.dist`, uliizuia seva isiliendeshe. Katika plagini mwisho huo uliondolewa, likabaki `connector.minimal.php`, faili ambalo mtu yeyote duniani aliweza kuliita na kupakia programu yake kwenye seva bila nywila. Herufi tano zilizofutwa, nukta ikiwamo. Marekebisho yalitoka haraka katika toleo la 6.9, lakini wavamizi walikuwa wameshaanza kazi, na plagini iliyozimwa bila kufutwa haikumwokoa mwenyewe, kwa kuwa faili lilikuwa bado lipo kwenye seva na liliitwa moja kwa moja. Usiyoitumia ifute.

Jambo moja zaidi: hesabu watumiaji. Wapo wavamizi wanaoificha akaunti yao isionekane kwenye orodha ya dashibodi, lakini husahau kurekebisha idadi iliyoandikwa juu ya orodha. Ukiona imeandikwa wasimamizi watatu na safu ni mbili, fungua jedwali la `wp_users` kwenye hifadhidata na umtafute wa tatu.

Umesafisha, na baada ya siku chache umevamiwa tena

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea. Msafishaji huondoa anachokiona, yaani msimbo unaoleta dalili, na kuacha mlango wa nyuma ambao kazi yake pekee ni kuurudisha. Mlango huo unaweza kuwa faili la PHP lililopewa jina la kawaida ndani ya `uploads`, ambako kwa desturi hukaa picha na nyaraka. Faili lolote la PHP humo linastahili kuulizwa. Unaweza kuwa ndani ya `mu-plugins`, folda ambayo WordPress huendesha yaliyomo bila kumtaka mtu ayawashe. Niliwahi kuisafisha tovuti moja mara tatu, kila mara faili lilelile likirudi saa ileile ya alfajiri, hadi nilipoacha kutazama tovuti na kutazama akaunti ya seva: mvamizi alikuwa ameacha kazi iliyoratibiwa kwenye kroni, mstari mmoja tu, ambao ulipakua upya faili lake kila siku. Ile saa iliyojirudia ingenitosha kuwa dalili tangu mara ya pili.

Kama seva ileile ina tovuti kadhaa chini ya akaunti moja, ile unayoisafisha huenda siyo iliyovamiwa kwanza. Mara nyingi chanzo ni tovuti ya majaribio iliyosahauliwa kwenye folda ya jirani, yenye plagini za miaka mingi iliyopita. Zisafishe zote kwa pamoja au usianze.

Utaratibu ninaouamini ni kujenga upya kuliko kuokota uchafu mmojammoja. Futa mafaili yote ya msingi na uweke mapya ya toleo la sasa, futa kila plagini na themu na uzipakue tena kutoka kwenye asili zake, bakiza `uploads` baada ya kuondoa PHP yote, na usome `wp-config.php` kwa macho yako mstari kwa mstari. Kazi hii ni ya saa chache, nayo inawezekana kwa sababu asili zote zipo bure. Kisha badilisha nywila za wasimamizi, za hifadhidata, za FTP (njia ya kupakia mafaili kwenye seva) na za akaunti ya seva, na ubadilishe funguo nane za siri zilizomo ndani ya `wp-config.php`, kuanzia `AUTH_KEY`. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika mno. Mvamizi ambaye kivinjari chake bado kina kidakuzi halali, yaani alama ya kuwa ameshaingia, huendelea kuwa ndani. Funguo zikibadilika, kila mtu hutolewa nje kwa pamoja, yeye akiwamo.

Ikiwa mojawapo ya plagini au themu zako ilipatikana kwa njia ya kopi ya bure ya bidhaa ya kulipia, huna haja ya kutafuta zaidi. Leseni ya GPL, ambayo WordPress inaitumia, inaruhusu msimbo kusambazwa upya, kwa hiyo kisheria mengi ya makopi hayo hayana kosa, lakini anayekupa bure kitu anachokijua kuwa kinauzwa huwa na sababu, na sababu hiyo mara nyingi imo ndani ya faili.

Seva inaelemewa, lakini wageni hawajaongezeka

Fungua logi na uhesabu maombi kwa kila anwani ya faili. Yakijaa `wp-login.php` au `xmlrpc.php`, roboti wanabahatisha nywila. Weka kikomo cha majaribio, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa wasimamizi, na uifunge `xmlrpc.php`, mlango wa programu za nje, ikiwa hakuna programu yako inayoitegemea. Kama maombi ni ya kawaida lakini kompyuta ya seva inachemka au foleni ya barua pepe imejaa, rudi kwenye sehemu iliyotangulia: seva yako inafanyishwa kazi na mwingine.

Wenye tovuti wanasema programu huria ndiyo kisababishi

Lalamiko hili huja baada ya kila uvamizi na linastahili kuchunguzwa kama dalili nyingine. Lina ukweli ndani yake. Oktoba 15, 2014, Drupal ilitangaza dosari ya hifadhidata katika toleo la 7 pamoja na marekebisho yake. Wiki mbili baadaye timu yake ya usalama iliwaambia wasimamizi kwamba tovuti isiyorekebishwa ndani ya saa saba tangu tangazo ichukuliwe kuwa imevamiwa. Msimbo ukiwa wazi, marekebisho yenyewe humwonyesha mvamizi mahali pa kupiga, na mbio huanza palepale. Januari 2017 WordPress ilijifunza kutokana na hali ya namna hiyo: toleo la 4.7.2 lilitolewa bila kutaja dosari iliyomruhusu yeyote kubadilisha makala bila kuingia kwa akaunti, habari yake ikatangazwa Februari 1, baada ya masasisho ya kujiendesha, yaliyokuwapo tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, kupata muda wa kufika. Bado tovuti nyingi zilichafuliwa, nazo ni zile ambazo hazikuwa zimepata masasisho hayo.

Kwa hiyo swali la kuwauliza ni hili: nani husasisha, na huchukua muda gani? Kama jibu ni kwamba hayupo, kuhamia jukwaa lililofungwa ambalo kampuni hurekebisha yenyewe ni uamuzi wa busara, na sioni haya kuupendekeza. Njia ya kati ni kupangisha programu ileile huria kwa kampuni inayoisasisha kwa niaba yako. Programu huria nayo haisubiri mtu: Joomla 3 iliacha kuhudumiwa Agosti 2023 na Drupal 7 Januari 2025, na tovuti zilizobaki huko hazitapata marekebisho rasmi dosari nyingine ikionekana.

Wakiamua kuhama, waambie kwamba faili linalotolewa na WordPress kwa ajili ya kuhamisha lina makala, kurasa, maoni na makundi, lakini mipangilio ya plagini haimo, na picha zimo kama anwani tu. Picha zenyewe hubaki kwenye seva ya zamani, ambayo haifai kuzimwa hadi ya mwisho iwe imeshachukuliwa.